Gari la Kazi Linalokula Mafuta: Kushughulikia Njia ya Hewa na Ekzosi katika Mazingira ya Dodoma

Mwenye Hiace ya kubebea mizigo anayelalamika gereji kwamba gari lake linakula mafuta, mara nyingi hupewa ushauri wa aina mbili: aondoe kasha la filta ya hewa na kufunga filta ya wazi yenye umbo la pia, au akate sailensa na masega, yaani kifaa cha kusafishia moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi, ili moshi utoke bila kizuizi. Hoja inayotolewa ni kwamba injini inayopumua vizuri haihangaiki, na isiyohangaika haili sana. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa nguvu, hasa injini inapokanyagwa hadi mwisho, lakini kwa upande wa ulaji wa mafuta inapotosha, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye gari la kazi ambaye angependa kujua fedha yake iende wapi kabla grenda haijawashwa.

Kazi ya kwanza haihitaji spana. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe kwa mara ya kwanza, usiongeze hata kidogo baada ya hapo, kisha andika kwenye daftari kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha gari katika shughuli zake za kawaida kwa kilomita zisizopungua 400, rudi kwenye pampu ileile, ikiwezekana asubuhi kama ulivyofanya mwanzo, ujaze tena kwa namna ileile. Kilomita ulizokwenda ukizigawa kwa lita zilizoingia utapata ulaji halisi. Ikiwa gari limekwenda kilomita 420 na kuingiza lita 46.7, ulaji wake ni kilomita 9 kwa lita. Rudia zoezi hilo kwa matangi matatu kabla ya kugusa chochote, kwa sababu tangi moja hudanganya: safari ya Kibaigwa ukiwa na mzigo wa mahindi na upepo wa kiangazi unapiga usoni haiwezi kulinganishwa na wiki nzima ya kuzunguka kati ya Majengo na Nzuguni.

Ni vyema pia kujua mapema ni kiasi gani kinachotafutwa. Gari linalotembea kilomita 2,000 kwa mwezi kwa ulaji huo wa kilomita 9 kwa lita hutumia lita 222 hivi. Ukifanikiwa kuliboresha kwa asilimia 5, ambayo kwa marekebisho ya njia ya hewa na ekzosi pekee ni mafanikio makubwa, utaokoa takriban lita 10 na nusu kwa mwezi. Zidisha lita hizo kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwezi huo, ulinganishe na gharama ya kifaa unachoshawishiwa kununua, nawe utajua kitajilipa baada ya miezi mingapi.

Kwa nini basi kupanua njia ya hewa hakupunguzi mafuta kwa kiasi kinachodhaniwa? Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa, na hivyo lita moja ya petroli hutumia karibu lita 9,000 za hewa ya pwani. Dodoma mjini pako kwenye mwinuko wa takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo lita ileile ya petroli huku huhitaji hewa inayokaribia lita 10,000. Hizo ni hewa nyingi, lakini katika injini ya petroli si filta inayoamua ni kiasi gani kiingie. Anayeamua ni dereva, kwa mguu wake, kupitia kipepeo cha throtoli. Gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare ya Bahi, kipepeo hicho kimefunguka sehemu ndogo tu, na hicho ndicho kizuizi kikubwa kuliko vyote katika njia nzima ya hewa. Ukiweka filta inayopitisha hewa kirahisi zaidi, dereva atajikuta anakanyaga kidogo pungufu ili apate mwendo uleule, hewa itakayoingia itakuwa ileile, na kompyuta ya injini itapima mafuta yaleyale.

Jambo hili limepimwa. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa mwaka 2009 matokeo ya majaribio ya magari ya petroli yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ambayo filta zake zilizibwa kwa makusudi: ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiwango cha maana, ila gari lilichelewa kuchanganya. Kwa magari ya zamani ya kabureta, kubadilisha filta chafu kulileta nafuu ya asilimia 2 hadi 6. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi si filta ipi inapitisha hewa zaidi, bali injini yako inapimiwa mafuta na nini.

Filta na vumbi

Pamoja na hayo, filta ya hewa katika mkoa huu ina kazi nzito kuliko mahali pengi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua huwa haba sana, na gari linalopeleka vifaa vya ujenzi kwenye viwanja vipya vya Nala, Ihumwa au Mtumba hutumia saa nyingi nyuma ya malori kwenye barabara za vumbi. Vumbi hilo lina chembe za mchanga ambazo, zikipita filta, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Mgandamizo hushuka, injini huanza kula oili, na hapo ndipo ulaji wa mafuta huharibika kwa namna ambayo hakuna filta mpya itakayorudisha. Filta nzuri ni akiba ya mafuta ya miaka mitano ijayo zaidi ya kuwa akiba ya mwezi huu.

Kwa sababu hiyo sipendekezi filta za pia zinazowekwa wazi. Nyingi hunyonya hewa ya moto kutoka kwenye chumba cha injini, ambacho kwenye Hiace kiko chini ya viti vya mbele, na zile za pamba zinazopakwa mafuta huachia vumbi jembamba zaidi kuliko karatasi. Zikipakwa mafuta kupita kiasi, ukungu wake huganda kwenye waya wa sensa ya kupimia hewa. Baki na kasha la asili na filta ya karatasi yenye ubora, na kama unataka kuboresha, elekeza fedha kwenye bomba la kunyonyea hewa lililoinuliwa juu ya paa, ambalo hupata hewa yenye vumbi kidogo.

Kila wiki mbili za kiangazi, fungua kasha ukiwa umezima injini. Pangusa kwanza sehemu ya nje ili vumbi lisidondokee ndani, toa filta, uishike mbele ya tochi au jua. Ukiona mwanga unapita sehemu zote kwa usawa, inaweza kuendelea. Ukiona nukta kali ya mwanga, imetoboka na haifai hata kama ni mpya. Kupuliza kwa kompresa kunaruhusiwa kwa kiasi: upepo utoke ndani kwenda nje, usizidi PSI 30, na mdomo wa bomba usigusane na karatasi. Upepo unaotumika kujazia matairi ni mkali mno na hutoboa matundu yasiyoonekana. Usiioshe filta ya karatasi kwa petroli wala kwa maji. Kabla ya kufunga, pitisha kidole kwenye bomba upande wa injini, yaani baada ya filta. Ukipata vumbi hapo, kosa liko kwenye mpira wa ukingo wa filta, klipu iliyolegea au kasha lililopasuka, na kuziba mwanya huo kuna thamani kuliko filta yoyote ya bei ghali. Makasha mengine yana valvu ndogo ya mpira upande wa chini ya kudondoshea vumbi. Ibonyeze mara kwa mara, kwani ikiziba au ikidondoka hakuna taa itakayokuarifu.

Hewa isiyopimwa

Baada ya filta, kwenye injini nyingi za petroli za Toyota kama 1TR-FE ya lita 2.0 na 2TR-FE ya lita 2.7, kuna sensa inayopima uzito wa hewa inayopita. Hewa yoyote inayoingia baada ya sensa hiyo, kupitia hozi iliyopasuka au gasketi iliyochoka ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), haihesabiwi. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi hugundua hewa imezidi, na kompyuta huongeza mafuta kurekebisha. Mradi sensa ya oksijeni ni nzima, marekebisho hayo huwa sahihi na hasara ni ndogo. Shida huanza pale inapokuwa imezeeka. Idara ya Nishati ya Marekani huwaeleza wenye magari kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa mbovu ya oksijeni kunaweza kuboresha ulaji kwa hadi asilimia 40. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, lakini hakuna ekzosi wala filta ya kununua inayoweza kukaribia namba hiyo.

Omba fundi mwenye mashine ya kupimia akuonyeshe asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Ikicheza karibu na sifuri, njia ya hewa haina tatizo kubwa. Ikiwa kompyuta inaongeza zaidi ya asilimia 10 injini ikiwa imetulia, kisha kiasi hicho kinapungua unapoikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta hozi inayovuja. Ikiwa ongezeko linakua kadiri unavyokanyaga, angalia sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Ikiwa badala yake kompyuta inapunguza kwa kiasi kikubwa, nozeli zinaweza kuwa zinadondosha. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayasomeki vizuri kwa mashine ndogo za bei nafuu, kwa hiyo tafuta gereji yenye mashine inayoielewa Toyota. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kuugusa waya. Sensa ya oksijeni haisafishwi, hubadilishwa.

Hapa ndipo magari ya kabureta yanapohitaji kutajwa kwa upekee. Hiace za zamani na Kirikuu za miaka ya nyuma hazina kompyuta ya kujua kwamba zimepanda kutoka pwani. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika Dodoma huendelea kumimina mafuta kana kwamba hewa haijapungua, na mchanganyiko huzidi mafuta kwa takriban asilimia 5 au 6. Plagi zikitolewa zina masizi meusi makavu, na moshi unanuka petroli mbichi. Kwa gari la namna hiyo, jeti (tundu la kabureta linalopima mafuta) ndogo kidogo na muda wa cheche uliosogezwa mbele kwa uangalifu, mpaka kabla ya injini kuanza kugonga, vitaleta akiba ya kweli. Gari likirudishwa kufanya kazi pwani, marekebisho yarudishwe pia, kwa sababu mchanganyiko wenye mafuta machache mno huunguza valvu.

Dizeli

Injini ya dizeli haidhibitiwi kwa kipepeo cha hewa. Nguvu yake hupangwa kwa kiasi cha mafuta yanayochomwa. Kwa injini za zamani zisizo na turbo, kama 3L na 5L, pampu ya mafuta haijui kwamba hewa ya Dodoma ni nyepesi, na kila unapokanyaga sana sehemu ya dizeli hutoka kama moshi mweusi. Moshi huo ni fedha inayopepea. Safisha au badilisha filta kwanza. Moshi ukibaki, lipeleke gari kwa fundi pampu apunguze kidogo kipimo cha juu cha mafuta. Utapoteza nguvu kidogo ambayo kwa kweli hukuwa nayo.

Kwa zenye turbo, kama 2KD na 1KD, mambo mawili hustahili uangalizi. La kwanza ni hozi kati ya turbo na manifoldi, pamoja na intakula (kipoza upepo wa turbo) kwa zile zilizo nayo: alama mbichi ya oili kwenye kiungo, mluzi unaoongezeka unapokanyaga, na gari kuwa zito vilimani huashiria upepo wa turbo unavuja. La pili ni masizi. Moshi unaorudishwa kwenye injini kupitia valvu ya EGR huchanganyika na mvuke wa oili na kugandisha utando mzito ndani ya manifoldi, na katika gari la miaka mingi njia hiyo huweza kupungua sana upana. Kuifungua na kuikwangua ni kazi chafu ya siku nzima, inayohitaji gasketi mpya, lakini ndiyo "kupanua njia ya hewa" kunakostahili jina hilo.

Ekzosi: kwanza mwanya, kisha kizuizi

Kosa la ekzosi linalokula mafuta kuliko mengine yote ni tundu lililo kabla ya sensa ya oksijeni. Moshi hautoki kwa mkondo ulionyooka. Hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo tundu hilo huvuta hewa ya nje kuingia ndani. Sensa huisoma hewa hiyo kama dalili ya upungufu wa mafuta, kompyuta huongeza mafuta ambayo hayakuhitajika, na safari hii hakuna kinachosahihisha kosa kwa kuwa msahihishaji mwenyewe ndiye aliyedanganywa. Tafuta mwanya huo asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa nje mahali penye hewa kwa sababu moshi wake huua. Sauti ya tiki-tiki inayopungua injini ikipata moto hutoka kwenye gasketi au ufa wa manifoldi, ambao chuma kikitanuka hujifunga. Mtu mmoja avae glovu na kuziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, mwingine asikilize na kuangalia alama za masizi kwenye viungo na kwenye fleksi, kipande cha bomba kinachonyumbulika. Ukihitaji kuingia chini ya gari, liegemeze kwenye stendi na si kwenye jeki peke yake, na kwenye ardhi laini weka ubao chini ya jeki.

Masega ndiyo yanayosingiziwa zaidi. Masega mazima hayazuii moshi kwa kiasi cha kuhisiwa katika mwendo wa kazi. Yaliyoziba huzuia kweli: gari hukosa pumzi linapokanyagwa, hupata joto jingi, na huenda vizuri mwendo mdogo tu. Hilo hupimwa, halikisiwi. Fundi afunge geji ya shinikizo mahali pa sensa ya oksijeni ya mbele. Injini ikitulia geji isizidi PSI 1.5, na ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 isizidi PSI 3. Ikizidi, kuna kizuizi, na kinaweza kuwa sailensa iliyoporomoka ndani badala ya masega. Jiulize pia kilichoyaziba, kwa kuwa masega hayazibi yenyewe: ni plagi inayoruka moto na kupeleka petroli mbichi ikaungulie ndani yake, au ni ringi zilizochoka zinazounguza oili. Ukibadilisha masega na kuacha chanzo, utarudi gereji.

Gari langu liliwahi kukatwa masega katika gereji moja ambayo sitaitaja, kwa ahadi ya kuokoa lita moja katika kila kumi. Daftari la matangi matatu yaliyofuata halikuonyesha tofauti yoyote. Taa ya injini ilibaki inawaka, kiasi kwamba hitilafu nyingine ilipotokea baadaye sikuitambua, na moshi ukawa unachoma macho kila niliposhusha mizigo mlangoni mwa mteja. Fundi alibaki na masega. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwa hiyo ushauri wa kuyatoa si mara zote unatolewa kwa faida ya mwenye gari.

Kuhusu upana wa bomba, rudisha ule wa asili. Wachomeleaji wengi huunga kipande cha bomba la maji chenye upana pungufu, au hukunja kona mpaka bomba linabonyea, na hapo ndipo kizuizi halisi kinapozaliwa. Bomba pana kuliko la asili lina maana kwa dizeli ya turbo inayopanda milima na mzigo mzito karibu kila siku, kwa mfano upande wa Kondoa au Mpwapwa, kwa sababu turbo hupenda njia iliyo wazi mbele yake. Kwa petroli ya mjini, utanunua kelele. Kabla ya kuchomelea, toa waya za betri, na waya wa hasi wa mashine ubanwe karibu kabisa na pale panapochomelewa, vinginevyo umeme unaweza kupita kwenye kompyuta ya injini.

Ukimaliza kila jambo moja, pima tena kwa matangi matatu kabla ya kugusa lingine, la sivyo hutajua kilichosaidia. Na kama namba za daftari hazijasogea baada ya njia ya hewa na ekzosi kuwa safi na bila mwanya, acha injini uangalie nje yake: keria iliyoko juu ya paa bila mzigo, upepo wa matairi, breki inayogusa, na vipande vya mabomba vya mwezi uliopita ambavyo bado vinasafiri nyuma ya kiti.